Upimaji wa afya viwandani usiwe maonyesho

Siku ya kupima afya katika baadhi ya viwanda vya Thika na Ruiru imegeuka kuwa sikukuu. Hema husimamishwa karibu na lango, wafanyakazi hupewa fulana na soda, wakubwa hupigwa picha, na kila mtu hupimwa uzito, sukari na shinikizo la damu. Kufikia saa nane hema limekunjwa. Je, yule aliyepatikana na presha ya juu ataenda wapi kesho yake, na atapewa ruhusa na nani?

Si kwamba vipimo hivyo ni vya bure. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima nchini hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo la damu. Lakini hata presha hupimwa kwa utaratibu. Kibarua aliyetoka mbio Kiandutu au Makongeni akihofia kufungiwa lango anapaswa kuketi dakika tano kwanza, la sivyo mashine itapima zile mbio zake.

Kosa kubwa zaidi ni kupima kila kitu isipokuwa madhara ya kazi yenyewe. Anayefanya kazi ya vyuma huumia masikio, na kusikia kulikoharibiwa na kelele hakurudi. Kanuni za 2005 ziliweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8. Masikio hupimwa asubuhi, kabla ya mtu kuingia kwenye mashine, kwa sababu baada ya zamu huwa yamechoka na matokeo hupotosha. Naye mfanyakazi wa pamba huweza kubanwa kifua siku ya kwanza anaporudi kutoka mapumzikoni, kisha akapata nafuu kadiri wiki inavyosonga. Meneja akichagua Ijumaa kwa kuwa kazi imepungua, ugonjwa huo utampita hivi hivi. Pumzi za watu hawa zipimwe siku ile ya kwanza, kabla ya zamu na baada yake.

Haya si hisani ya mwajiri. Kanuni za uchunguzi wa kitabibu za mwaka huo huo wa 2005 zinataka wafanyakazi wa kazi zilizotajwa kuwa za hatari wachunguzwe kabla ya kuajiriwa, wakiwa kazini na wanapoondoka, kwa gharama ya mwajiri. Hata hivyo, utasikia vibarua wakiambiwa wasubiri nje kwa kuwa si watu wa kudumu. Vumbi halimwulizi mtu barua ya kuajiriwa!

Kuna pia hofu ambayo wasimamizi hupenda kuipuuza. Mfanyakazi hukwepa hema kwa kudhani kuwa majibu yatafika ofisini kabla hayajamfikia yeye, na mwezi ukiisha atakosa kazi. Hofu hiyo si upuzi. Majibu yawe mkononi mwake na kwa daktari. Kampuni iambiwe tu kama anaiweza kazi hiyo au ahamishiwe nyingine. Ama kuhusu virusi vya Ukimwi, sheria ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa ili aajiriwe au abaki kazini.

Kwa hiyo bajeti ya fulana ingefaa zaidi kulipia nusu siku ya ruhusa yenye mshahara kwa kila atakayetumwa Hospitali ya Thika Level 5 au ile ya Ruiru, na muuguzi wa kufuatilia kama alifika. Karakana ndogo zisizomudu mashine ya kupima masikio zinaweza kuchanga, kumi au kumi na tano za mtaa mmoja, zikamwita mtaalamu mmoja kwa siku mbili.