Mahindi Yavuke Mpaka

Msomaji aliyezoea mada ya toleo hili, yaani ushirikiano wa mataifa katika kulinda kilimo na chakula dhidi ya mabadiliko ya tabianchi, pengine anatarajia ukurasa huu uanzie kwenye mikutano. Basi tuipitie haraka. Mwaka 2017, huko Bonn, nchi zilianzisha mpango wa Koronivia uliokipa kilimo nafasi rasmi katika mazungumzo ya tabianchi. Mwaka 2022, Sharm el-Sheikh, ukarithiwa na mpango mwingine wa miaka minne. Mwaka 2023, Dubai, zaidi ya nchi 130 ziliunga mkono tamko la kilimo na mifumo ya chakula. Kilichopatikana hadi sasa, kwa sehemu kubwa, ni warsha, ripoti za warsha, na tovuti ya kuhifadhia ripoti hizo. Hakuna ubaya katika warsha. Lakini katika ukanda huu unaoanzia Pembe ya Afrika ukaishia Limpopo, ushirikiano ambao ungeokoa watu wengi zaidi kwa gharama ndogo zaidi hautajwi sana kwenye meza hizo, na wala hauhitaji tamko jipya. Ni kuyaacha mahindi yavuke mpaka, kwa kanuni zinazojulikana kabla ukame haujabisha hodi. Fedha za tabianchi tunazozidai, na tuna haki ya kuzidai, zingepaswa kwenda huko kwanza.

Sababu iko angani. El Niño inapoingia, mvua za vuli za Afrika Mashariki kwa kawaida huzidi, hasa pale Bahari ya Hindi upande wetu inapokuwa na joto pia. Na mara nyingi msimu huohuo Zambia, Malawi, Zimbabwe na sehemu kubwa ya Msumbiji hukauka. La Niña ikija, mambo hugeuka. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023, Somalia, kusini mwa Ethiopia na kaskazini na mashariki mwa Kenya zilikosa mvua misimu mitano mfululizo. Katika kipindi kilekile, mwaka 2021, Zambia ilivuna tani milioni 3.6 za mahindi, mavuno ambayo haikuwahi kuyapata kabla. Katikati ya pande hizi mbili wamekaa wakulima wa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, Rukwa, Songwe, Mbeya, Njombe, Iringa na Ruvuma, wenye msimu mmoja mrefu ambao mara nyingi hunusurika pande zote mbili zinapoyumba. Kwa lugha ya bima, hawa ni majirani ambao nyumba zao haziungui usiku mmoja, na hakuna wateja ambao kampuni ya bima ingewapenda zaidi.

Msimu wa 2023/24 ulilionyesha jambo hili waziwazi, uzuri wake na ubovu wake. Juni 2023 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba El Niño imeanza. Vuli ikaleta mafuriko Kenya, Somalia na Tanzania. Zambia nako wakulima walipanda kama kawaida yao, kisha mvua ikakatika mwanzoni mwa 2024, mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, wakati ambao mmea hauna subira hata kidogo. Kati ya hekta milioni 2.2 zilizopandwa, karibu milioni 1 ziliharibika. Tarehe 29 Februari Rais Hakainde Hichilema alitangaza janga la kitaifa. Mavuno yalishuka kutoka tani milioni 3.3 za mwaka uliotangulia hadi milioni 1.5. Katikati ya mwaka, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula wa Tanzania, NFRA, ukakubaliana na serikali ya Zambia kuiuzia tani 650,000. Huo ndio uzuri: nchi moja ilikauka, jirani akawa na mahindi. Ubovu uko kwenye kalenda. Kati ya tangazo la El Niño na makubaliano hayo ulipita takribani mwaka mzima. Mabaraza mawili ya utabiri wa misimu, moja la Pembe ya Afrika na jingine la Kusini mwa Afrika, yamekuwa yakikutana tangu miaka ya 1990, na Tanzania huketi katika yote mawili. Utabiri upo na unasomwa. Kinachokosekana ni ofisa mwenye mamlaka ya kutia saini mkataba wa mahindi kwa sababu ameusoma.

Tena tulivyozoea, mpaka hufungwa pale hasa unapohitajika. Juni 2017 Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha mahindi nje, na bei ikaporomoka Nyanda za Juu Kusini. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ghafla kwa sababu ya sumukuvu, malori yakiwa tayari barabarani, kisha baada ya siku chache ikaruhusu kwa masharti. Mwaka 2025 Malawi ilizuia baadhi ya mazao kutoka Tanzania, na Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, kabla ya kulegeza. Zambia na Malawi nazo zimefunga na kufungua usafirishaji wa mahindi mara nyingi kiasi kwamba mfanyabiashara mwenye akili huhesabu kufungwa kwa mpaka kama sehemu ya gharama zake, pamoja na mafuta ya lori na vituo vya mizani. Hakuna serikali hapa yenye mikono safi ya kumnyooshea mwenzake kidole.

Anayetetea kufunga mpaka ana hoja nzito, na haifai kupuuzwa. Anasema: serikali huchaguliwa na wananchi wake, na familia ya mjini, kule Mbagala au Kawangware, inayotumia sehemu kubwa ya kipato chake kununua unga haiwezi kuambiwa ivumilie bei kwa sababu Lusaka kumekauka. Ni kweli, bei hupanda mahindi yanapotoka. Lakini tumfuate mkulima hadi msimu unaofuata. Aliyevuna magunia 60 kule Sumbawanga na kukuta mpaka umefungwa ana njia mbili: amuuzie dalali kwa bei ya kutupa na kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, au ayaache yabunguliwe. Vyovyote atakavyofanya, mwaka ujao atanunua mbolea kidogo zaidi na kupunguza eka. Mahindi ambayo marufuku iliyabakiza nchini mwaka huu inayaondoa shambani mwaka ujao, na mlaji wa Mbagala atalipa tu, ila atalipa kwa kuchelewa na bila kujua alichokilipia. Isitoshe marufuku haizuii mahindi. Inayahamishia njia za panya, ambako hakuna kodi, hakuna kipimo, na hakuna takwimu ya kumwambia waziri ni kiasi gani kimetoka. Mlaji maskini alindwe kwa akiba ya taifa inayouzwa kwa bei nafuu pale bei inapovuka kiwango kilichotangazwa mapema. Kazi hiyo ina gharama, na tutarudi kwenye nani azilipe.

Hoja ya sumukuvu ni ngumu zaidi kuliko zote, na ndiyo inayonifanya nisiamini kwamba kufungua mpaka ni suala la tangazo tu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 ikaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuvu wanaoitoa hushambulia mmea uliodhoofishwa na ukame ungali shambani, kisha huongezeka punje zikihifadhiwa zikiwa na unyevu. Maana yake tabianchi inapoharibika, sumukuvu huongezeka, na sababu ya kufunga mpaka huongezeka pamoja nayo. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5 na sumukuvu yote isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Kwenye karatasi ni rahisi. Mpakani, mkaguzi huchoma gunia kwa bambo na kuchota kiganja cha punje, ilhali sumu haijatawanyika sawasawa ndani ya shehena: punje chache zilizooza zinaweza kuchafua gunia zima, na bambo likapita kando yake. Ndiyo maana shehena ileile inaweza kufaulu kipimo cha Dodoma ikaanguka kipimo cha mpakani Namanga bila mtu yeyote kusema uongo. Dawa yake inajulikana: kuchota kutoka magunia mengi, kuchanganya, kusaga vizuri, ndipo kupima; na pande mbili kukubali cheti cha maabara moja badala ya kila mmoja kuanza upya. Kabla ya hapo kuna turubai la kuanikia lililo safi, mashine ya kukaushia pale mvua za mwisho zinapogoma kuondoka, na kipimo cha unyevu kwenye ghala la chama cha msingi. Hivi ni vitu vidogo, havipigiwi picha na mawaziri, na bila hivyo hoja yangu yote ya kufungua mpaka inaanguka.

Kuna atakayesema kwamba mazungumzo haya ya majirani yanawapa nafuu waliochafua hewa. Afrika nzima hutoa takribani asilimia 4 ya hewa ukaa duniani. Kwa nini iambiwe ijipange yenyewe? Naiafiki lawama, ila naona imekuwa ikidai kwa jumla mno. Baku, mwaka 2024, nchi tajiri ziliahidi kuongoza upatikanaji wa dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Kiasi hicho kinasikika kikubwa hadi utakapoangalia kinakokwenda: hesabu za Climate Policy Initiative za 2019/20 zinaonyesha wakulima wadogo na mnyororo wao wa thamani walipata asilimia 0.8 tu ya fedha zote za tabianchi. Na hata kinachofika mara nyingi hufika kama deni. Vihenge vya kisasa vya NFRA, ambavyo kwa maana yoyote ya maana ni miundombinu ya kuhimili tabianchi, vimejengwa kwa mkopo wa dola milioni 55 kutoka Poland. Mlipakodi wa Tanzania anaulipa mkopo huo, kisha akiba ya NFRA inaitwa kuinusuru Zambia kutokana na ukame ambao wala yeye wala Mzambia hawakuuleta. Kama kuna mahali pa kupeleka ankara, ni hapa: vihenge, maabara za mpakani, vikaushio, na dhamana ya kuiwezesha nchi iliyokauka kununua mapema kabla hazina yake haijaishiwa dola.

Wafadhili wengi wangependa zaidi kutuuzia bima. Bima ina nafasi yake, lakini Malawi ina la kusema. Ilijiunga na mpango wa Umoja wa Afrika wa bima ya ukame, African Risk Capacity, na kulipa ada ya mamilioni ya dola. Ukame wa 2016 ulipokuja, watu zaidi ya milioni 6 wakahitaji chakula, lakini modeli ya kompyuta ikaona karibu hakuna tatizo, kwa sababu ilidhani wakulima wamepanda mbegu za muda mrefu ilhali wengi walikuwa wamehamia mbegu za muda mfupi. Baada ya marekebisho malipo ya dola milioni 8.1 yalitoka, miezi mingi baadaye, na hayakukaribia mahitaji. Tuseme yangefika kwa wakati: bado dola haichemshwi. Ingebidi igeuzwe kuwa mahindi, na mahindi yangetoka ng'ambo ya mpaka ulio wazi au uliofungwa. Bima isiyoambatana na mpaka ulio wazi inamlipa mtu asimame dukani mbele ya rafu tupu.

Je, pande zote zikikauka mwaka mmoja? Hilo linaweza kutokea, na joto linavyozidi huenda bembea hii ya mvua ikabadilika. Sina jibu zuri kuliko akiba ya pamoja. Nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia pamoja na China, Japan na Korea Kusini zina mkataba wa akiba ya dharura ya mchele ulioanza kutumika 2012, wenye ahadi ya tani 787,000, na sehemu kubwa ya mchele huo hubaki kwenye maghala ya nchi iliyouahidi hadi utakapoitwa. Afrika Magharibi nayo ina akiba yake ya kikanda. Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, zinaweza kuiga bila kujenga hata ghala moja jipya, na Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilizo wanachama wa jumuiya zote mbili, ndizo zenye kiti cha kuanzisha akiba hiyo.

Tunachohitaji kukubaliana ni kidogo. Nchi isifunge mpaka bila notisi ya siku 30. Mkataba uliokwisha kutiwa saini uheshimiwe hata mpaka ukifungwa. El Niño ikitangazwa, mazungumzo ya mauzo yaanze kabla ya kupanda. La nne linahusu sheria ya dunia. Juni 2022, Shirika la Biashara Duniani liliamua kwamba chakula kinachonunuliwa na Mpango wa Chakula Duniani, WFP, kwa ajili ya misaada kisiwekewe vizuizi vya kusafirisha nje, ingawa liliacha mwanya kwa nchi kulinda chakula chake. Kwa hiyo mahindi ya Songea yana ulinzi yakinunuliwa na WFP yapelekwe kambini, lakini hayana ulinzi kama huo yakinunuliwa na serikali ya Malawi, kwa fedha zake, kwa ajili ya watu wake. Mpango wa Sharm el-Sheikh unafikia kikomo chake 2026, na wajumbe wetu watakaa tena mezani kujadili kitakachoufuata. Waitumie meza hiyo kulishinikiza Shirika la Biashara Duniani lipanue msamaha huo hadi kwenye ununuzi wa serikali kwa serikali pale nchi inapokuwa imetangaza janga la ukame; na kabla ya kuiomba dunia, Dodoma, Lilongwe, Lusaka na Nairobi zitie saini jambo hilohilo kati yao.