Konje Mwaka Huu: Tuende Kulala Wapi?

Kazi ya mine inagawanya nyumba. Baba iko Fungurume ao Kolwezi juma mbili, tatu. Mama amebaki Katuba na watoto. Siku baba anarudia na franka mufukoni, wote wanasema: mwaka huu tuende kulala ku hoteli, hata siku mbili tu, tupumzike. Ni neno nzuri. Bwana Yesu mwenyewe aliita wanafunzi wake waende kando kupumzika, juu hawakupata hata nafasi ya kula (Marko 6:31). Basi mutu asikuambie kama kupumzika ni zambi.

Lakini kupumzika wapi? Hapa njo wengi wanakosea. Wanachagua kwa jina, ao kwa picha waliona ku simu. Hoteli nyingi zinapenda kuwa na sura yao: moja inajipamba kama pori, ingine kama Ulaya, ingine inakuita kwa muziki. Hapa Lubumbashi kuna hata ile ya Planet Hollybum: Hollywood na Lubum ndani ya jina moja! Sura si mubaya. Lakini kila sura iliwekwa juu ya mutu fulani, na pengine yule mutu si wewe.

Tazama mufano wa Kenya. Katika mwaka 1932 walijenga hoteli Treetops juu ya muti, ndani ya pori ya Aberdare. Watu walilipa makuta juu ya kukaa kimya usiku, wakiangalia tembo na mbogo wanakuja kunywa maji chini yao. Elizabeth wa Uingereza alikuwa pale usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, baba yake akafariki, naye akawa malkia. Mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, hoteli iliunguzwa, kiisha wakaijenga tena. Sasa fikiri: wewe unapenda kusimulia na kucheka kwa nguvu, na uko na watoto wane. Ule usiku ungekuwa azabu, na umeilipa! Jirani yako mwenye kunyamaza angerudia na furaha ya mwaka muzima.

Kwa hiyo, mbele ya kuuliza bei, mulizane ndani ya nyumba. Mama aulizwe wa kwanza. Nimeketi na jamaa nyingi katika mashauri ya ndoa, na mara nyingi bwana hajui bibi yake anapumzika na nini. Yeye bwana anapenda ziwa; basi anapeleka wote ku Kipopo na makala, sufuria, unga na kuku. Kufika kule, baba analala chini ya muti. Mama anawasha moto, anasonga bukari, anaosha sahani, anachunga watoto wasianguke ndani ya maji. Amepika Kipopo namna anapika Katuba. Yeye hakupumzika, alihamisha jiko tu. Kwa mama wa namna hii, hoteli ndogo ya mujini, mutu mwingine akimuletea chai asubui, inapita maziwa yote ya Katanga.

Wenye kupenda bustani na kuogelea, kama mufuko unaruhusu, Karavia iko kando ya ziwa na uwanja wa golf, mbali kidogo na makelele. Si bei ya kila mutu, musidanganyike. Na kama minervali ya watoto haijalipwa, mulale siku moja, si tatu.

Watu wa pori, muhesabu majira. Maporomoko ya Lofoi, ndani ya parke ya Kundelungu iliyofunguliwa mwaka 1970, yanaanguka zaidi ya mita 300. Lakini kiangazi kikizidi na barabara ikikauka, maji nayo inapungua sana. Wakati wa mvua maji inajaa, lakini barabara inakula motokari. Mwezi wa 5 hivi, mvua ikiisha kukatika, njo mwezi wa akili. Kiubo, ku muto Lufira, kupita Bunkeya, nayo ni safari ya mutu asiyeogopa vumbi. Usipeleke kule bibi mwenye mimba ao muzee mwenye mugongo wa kuuma, juu tu wewe unapenda picha.

Neno moja juu ya pombe, musinikasirikie. Kuna hoteli zimeandika «jamaa» ku kibao, lakini ukiingia, kila kiti kinaangalia bar. Watoto wataona baba kwa mbali, nyuma ya chupa. Walimungojea juma tatu.

Kiisha, mupige simu mbele ya kutoa makuta. Muulize kama groupe inafanya kazi usiku muzima ao inazimwa, kama maji inafika ku chumba, kama watoto wadogo wanalala na wazazi bila kulipa. Muulize tena kama kuna orkestra siku ya posho. Wakisema iko, muulize inaisha saa ngapi, na vyumba gani viko mbali nayo.