Kusoma si kuimba: mutoto aanze na luga anayosikia

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, swali linarudia katika nyumba zetu hapa Goma: mutoto aingie masomo ya Kiingereza ao abakie kwenye ya Kifaransa? Wachimbaji wengi wa Rubaya na Walikale wanatoa feza juu ya Kiingereza, na tunawaelewa. Ngambo ya Petite Barrière, Rwanda iliamua tangu 2008 kufundisha kwa Kiingereza. Kampala, biashara inazungumuzwa kwa Kiingereza. Inchi yetu nayo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022. Na hakuna baba mwenye anashuka ndani ya shimo akitamani mutoto wake amufuate mule.

Lakini tuseme ukweli: wengi kati ya watoto wetu hawasomi, wanaimba. Mutoto wa miaka sita anafungua kitabu cha Kiingereza, anatamka ukurasa muzima bila kukosea, wazazi wanapiga makofi. Muulize hadisi inasema nini. Kimya. Alishika sauti ya mwalimu, hakushika maana.

Shida si akili yake. Tuangalie neno "table". Kwa kanuni ya Kiswahili atasema "ta-ble", sababu kwetu kila herufi iko na sauti yake. Mwalimu wa Kifaransa atasema "tabl". Wa Kiingereza atasema "teibol". Herufi tano, matamko matatu, na nyumbani kitu hicho kinaitwa meza! Mutoto ambaye bado hajajua namna herufi zinabeba maana, tunamupandisha milima mitatu siku moja.

Ile njo maana tunasema: ajifunze kwanza kusoma kwa Kiswahili. Sheria ya elimu ya 2014 inakubali luga za taifa katika masomo ya primeri. Kuna wenye watasema: "Kiswahili anakijua tayari, tulipe juu ya nini?" Kukisema anajua, ndiyo. Kukisoma, bado. Akishaelewa kazi ya kusoma katika luga anayosikia, ataihamisha kwa Kifaransa na kwa Kiingereza.

Na muzazi asiyejua hata neno moja la Kiingereza anaweza kusaidia. Jioni, dakika kumi tu: mutoto asome hadisi fupi ya Kiingereza, kisha aisimulie kwa Kiswahili. Akishindwa kuisimulia, hajaisoma bado. African Storybook inatoa bure kwenye intaneti hadisi za watoto zenye picha, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Tuzipakue siku simu iko na mtandao, tuzisome siku umeme umekatika. Wakubwa wa masomo nao waache vitabu vitoke kabatini, vifike nyumbani.

Kiingereza tunakitaka, hatukatai. Lakini feza inayotoka chini ya udongo kwa jasho na hatari isilipie wimbo tu. Siku ya buleteni, tusiulize pointi peke yake. Tumwambie mutoto: "Haya, tusimulie ulichosoma."