Gesi ya Kusini na Mbolea

Ndugu Mhariri,



Miaka ya 1980 ulipangwa mradi wa KILAMCO wa kutengeneza amonia Kilwa Masoko kwa gesi ya Songosongo. Haukujengwa. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Bomba la kuipeleka Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015. Mbolea ya yurea bado tunaagiza ng'ambo.

Hapa kijijini wapo wanaodhani kiwanda kitatupa salfa ya mikorosho. La, gesi yetu haina salfa. Itatoa mbolea ya mahindi.

Mwenye kiwanda huuliza kwanza bei ya gesi, maana ndiyo malighafi yake. Basi wizara inayohusika itueleze: kiwanda kikijengwa Mtwara, karibu na visima, kitauziwa gesi bila kubebeshwa gharama ya bomba?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Chilangala, Newala.