Kalemie: Banjo ya uzi wa samaki si kichezeo, viongozi wa kwaya waache kufukuza vijana

Mjini Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, kijana akifika kwenye mazoezi ya kwaya na banjo ya kopo la mafuta iliyofungwa nyuzi za kuvulia samaki, mara nyingi anapewa jibu moja: rudi kwenu, utakuja siku baba yako atakununulia gitaa. Watu wanacheka, kijana anaondoka, na kwaya inaendelea kulalamika kwamba haina wapigaji.

Jibu hilo ni la kutojua. Zamani gitaa na banjo zilifungwa nyuzi za utumbo wa kondoo. Wakati wa vita kuu ya pili ya dunia utumbo huo ulikuwa haba, kwa sababu madaktari waliuhitaji kushonea vidonda. Kule New York, fundi Albert Augustine akajaribu nailoni, ndiyo nailoni ya kuvulia samaki, na mpiga gitaa mkubwa wa Uhispania, Andrés Segovia, akaikubali. Tangu miaka hiyo ya 1940 haijatoka. Uzi wa kwanza wa gitaa ya namna hiyo una unene wa karibu milimita 0.7, na wavuvi wa ndoano kubwa wanaujua unene huo vizuri. Na banjo yenyewe, nani aliifikisha Marekani? Ni Waafrika waliopelekwa utumwani, wakaitengeneza kwa kibuyu na ngozi. Leo Mwafrika anamcheka Mwafrika kwa sababu ya kopo!

Wengine wanasema afadhali waya wa freni ya kinga. Kweli, waya unalia kwa nguvu. Lakini unavuta sana: shingo ya mbao laini inapinda, vidole vya mtoto vinachanika. Nailoni ni pole. Ubaya wake ni kwamba inanyooka. Siku za kwanza unakaza, inalegea, unakaza tena. Fundo nalo linateleza usipozungusha uzi mara mbili tatu. Kiongozi anasikia banjo siku ile ya kwanza, anasema haifai, basi imekwisha. Angengoja wiki moja tu.

Lawama moja ina haki. Mvuvi akikuta mshipi wake umekatwa usiku, lazima akasirike, maana ndio chakula cha watoto wake. Kijana anayeukata ni mwizi, hata kama anaenda kupiga nyimbo za Mungu. Lakini banjo ya nyuzi nne haihitaji hata mita tano, na vipande vya uzi mbovu vinatupwa mchangani, vinanasa miguu ya kuku. Kijana aombe, wavuvi wampe.

Kinshasa, Roger Landu alipiga satonge: kopo, kijiti kilichopinda na uzi mmoja. Kundi lake, Staff Benda Bilili, lilitoa albamu Très Très Fort mwaka 2009, likazunguka Ulaya. Wazungu walilipa kiingilio ili wasikie kopo hilo. Hapa kopo linafukuzwa mlangoni bila kusikilizwa.

Viongozi wa kwaya wanaombwa kitu kidogo: wamwache kijana apige wimbo mmoja mzima, kisha wahukumu. Akipiga vibaya, wamrudishe kwa sababu amepiga vibaya.