Swali Si Tusi

Yapo malalamiko yasikikayo sana Babati, mji uliofanywa makao makuu ya Mkoa wa Manyara mwaka 2002, kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu katika mambo ya siasa. Mzazi husema kuwa yeye alilelewa kutii, akaipenda amani na umoja. Mwanawe huuliza fedha za umma zimekwenda wapi, na kura yake imehesabiwaje. Swali hilo mzazi huliita utovu wa shukrani. Jina hilo ni dhuluma.

Haki itendeke kwanza kwa wazee. Umoja wausifuo si neno tupu. Babati ni mji wa Wagorowa, Wairaqw, Wabarbaig na Warangi, pamoja na wageni wa barabara kuu ya Arusha na Dodoma. Wote hao huuziana, huoana na huzikana kwa lugha moja. Katika miaka ya 1970 watu wa nchi hizi walikusanywa vijijini, wengine kwa hiari na wengine kwa nguvu, kwa ahadi ya shule, maji na zahanati. Aliyelipa gharama hiyo ana sababu ya kuogopa mfarakano. Lakini hofu, hata ikiwa na sababu, haiwi sheria juu ya kizazi kingine.

Tena wazee wasisahau historia yao. TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, rais wake, Julius Nyerere, alikuwa na umri wa miaka 32. Kama vijana wa wakati ule wangalinyamaza kwa adabu, uhuru ungalichelewa.

Na Nyerere mwenyewe, alipokuwa na madaraka ya baba, alijaribiwa na wana. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Aliwafukuza karibu 400. Hata hivyo, katika maneno yao makali mlikuwa na hoja moja ya kweli, kuhusu mishahara minono ya wakubwa. Naye akaupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Februari 1967 Azimio la Arusha likawawekea viongozi miiko. Aliuadhibu mdomo, akalisikia neno. Wazazi wengi wa leo huuadhibu mdomo na kuliua neno.

Vijana nao wasijidanganye kuwa kelele ni hoja. Atakaye hesabu ya kijiji hana budi kuhudhuria mkutano isomwapo. Sheria humhesabu kila mkazi aliyetimiza miaka 18 kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Hapo baba na mwana wana sauti sawa.

Basi adabu ya kuuliza ifundishwe nyumbani, maana haifundishwi kwa kunyamazishwa. Mzazi amfungaye mwanawe mdomo humpeleka mkutanoni bubu, kisha hushangaa kuwa mali ya kijiji imeliwa na hakuna aliyesema.