Chupa ya Mwaka Tulioingia Skuli

Siku hizi waliosoma pamoja hutafutana kwa simu wakakutana, na ni desturi njema. Nasi tulioingia kidato cha kwanza 1982 tulikutana Mombasa. Mwenzetu aishiye Ufaransa akaja na chupa ya divai ya Bordeaux, ya zabibu zilizochumwa mwaka ule ule.

Haki yake nimpe. 1982 ni mwaka wa sifa huko; jua liliwaka na zabibu zikaiva barabara. Chupa hiyo hulazwa ubavu ili kizibo kisikauke, gizani, penye baridi ya digrii 12 hivi. (Kwa joto letu ingelikwisha haribika zamani.) Kulea kitu miaka yote hiyo kwa ajili ya rafiki si jambo dogo.

Lakini ilipofunguliwa, nusu yetu tuliinuka. Tuliosomeshwa chuoni twajua kwamba hata kuketi penye meza inayopitishwa ulevi kumekatazwa. Kile kinywaji chenye muhuri wa miski, kilichotajwa katika Suratul Mutaffifin, twakitaraji kwengine. Tukakaa barazani na kahawa yetu. Hadithi za marehemu mwalimu wetu, ndizo zilizonitoa nyumbani, zikasimuliwa ndani. Mimi nikasikia vicheko tu.

Waandalizi wa mikutano hii huuliza mchango. Nani atainuka mezani, hawaulizi.

Baadaye alitoka, akaketi kando yangu.

"Sheikh, nilikuwekea wewe."

"Najua, ndugu yangu," nikamwambia, nikammiminia kahawa.